Saa Moja ya Mto Nyalusi

Namba ilikuja saa nne asubuhi, andazi likiwa bado mdomoni mwangu. Mizani, mashine ya vipimo ya ofisi yetu, haina adabu ya kumsubiri mtu ameze. Sauti ikatoka ukutani, ileile ya kistaarabu inayoniudhi kila siku:

"Mto Nyalusi, Septemba 2068. Kipimo cha Mtiririko: hasi mbili nukta moja nne. Ukame mkali. Mageti ya mfereji wa Nyamalunga yatafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Malori ya kuhamisha wakazi yameshaondoka. Mhaidrolojia Orsolina Mgaya, tafadhali weka dole gumba."

Sikuweka. Nilimeza andazi, nikanywa chai, nikaitazama skrini kwa hasira. Kwenye kona ya chini, kwa maandishi ya kijivu yasiyotaka kusomwa, kulikuwa na namba ya pili. Kipimo cha Akiba: hasi sifuri nukta tatu nane. Yaani kawaida kabisa. Mto mmoja, mwezi mmoja, vipimo viwili; kimoja kinalia msiba na kingine kinapiga miayo.

"Mizani," nikasema, "hivi viwili mbona havielewani?"

"Vinapima vitu tofauti," ikajibu. "Sheria inatambua cha kwanza."

Hilo nilikuwa nalijua. Kipimo cha Mtiririko kinachukua maji yaliyopita mtoni mwezi huu na kuyapanga foleni moja na maji ya mwezi huohuo kwa miaka ya zamani. Ukiangukia katikati ya foleni unapata sifuri. Ukiangukia mkiani kabisa, mahali ambapo miaka hamsini inaweza kupita bila mtu kufika, unapata hasi mbili. Kipimo cha Akiba hakiuangalii mto unaopita; kinaangalia kina cha visima, nguvu ya chemchemi na ujazo wa bwawa. Kimoja kinauliza leo umepika nini, kingine kinafungua ghala. Ukame wa kweli ukikaa miezi mitatu, lazima ghala nalo lipungue. La Nyalusi lilikuwa halijapungua.

Hasi moja na nusu ndiyo mpaka. Ukiuvuka, mageti yanafungwa ili maji yote yaende mjini Lusonga, na kijiji kinachotegemea mfereji kinahamishiwa kambini kwa msimu mzima. Nyamalunga kulikuwa na kaya mia sita na mpunga wa kiangazi uliokuwa umeanza kuchanua. Mpunga unaochanua ukikosa maji siku tano tu, umevuna makapi.

Simu ikaita. Alikuwa Bwana Kwilasa, mkuu wa ofisi yetu ya bonde, mtu mpole anayeongea kana kwamba ana mgonjwa chumba cha pili.

"Orsolina, naona hujasaini."

"Vipimo vinapingana, mkuu."

"Vinapingana, ndiyo," akasema. "Hata kule Kihavu vilipingana."

Alijua anagusa wapi. Mwaka juzi, bonde la Kihavu, wanawake walinijia na watoto mgongoni wakaniomba nisifunge, na mimi nikakubali. Nilijiambia namba ile ya kijivu inatosha. Wiki ya tano matangi ya mji yakakauka, watu wakachota madimbwini, kipindupindu kikaingia. Walikufa kumi na tisa. Majina yao nayajua kwa mpangilio wa alfabeti, na hakuna aliyenilazimisha kuyakariri.

"Sikukatazi kukataa," akasema Bwana Kwilasa. "Lakini ukikataa, andika sababu ya kipimo. Siyo huruma, Orsolina. Sababu. La sivyo utashitakiwa kwa jina lako, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Nipe mpaka saa kumi na mbili."

"Sheria ndiyo imekupa, siyo mimi. Nenda."

* * *

Gari la ofisi lilinifikisha Nyamalunga saa nane na nusu mchana. Malori kumi na mawili yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, hayana madereva, milango ya nyuma wazi. Watu walikuwa wakipandisha magodoro, masufuria, mbuzi, hata mlango mmoja mzima pamoja na fremu yake. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi kelele naziweza, nimezizoea. Kimya kile kilinikata maini. Nyuma ya nyumba mpunga ulikuwa umesimama kijani, na harufu yake, wale mliokulia mashambani mnaijua, ilikuwa imejaa kila mahali.

Nilienda moja kwa moja mtoni kwenye kihisi, kile kifaa kinachopima maji, nikiomba Mungu nikikute kimeharibika. Nawaambieni kweli, nilikitamani kiota cha ndege, tope, hata jiwe. Kihisi kilikuwa safi, kinasoma kila dakika, na maji niliyoyapima kwa mkono wangu yalilingana na yake mpaka tarakimu ya mwisho. Namba ya leo ilikuwa ya kweli. Nikakaa juu ya jiwe la ukingoni.

"Wewe ndiye wa vipimo?"

Niligeuka. Bibi kizee alikuwa amesimama nyuma yangu, mwembamba, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana. Nikamwamkia.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Salamu baadaye. Mimi ni Twilumba Sanga. Huo mto unaoukalia, nimeusoma mimi miaka ishirini na miwili kabla hamjaleta hicho kidude chenu. Nikaambiwa mwaka huu madaftari yangu yameingizwa kwenye mashine. Nikafurahi! Nikawaambia wajukuu, sasa bibi yenu yuko serikalini. Halafu hiyohiyo mashine inanifukuza kwangu?"

Nikasimama. Jina lile nilikuwa nalijua. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka jana ilitaka mto ulinganishwe na enzi za kabla ya mitambo mingi, kuanzia 2014 hadi 2036, na kumbukumbu pekee za enzi hizo zilikuwa madaftari ya msomaji mmoja, T. Sanga. Yalipigwa picha na kusomwa na mashine mwezi wa Mei. Siku zote nilidhani T. Sanga ni mwanaume, tena marehemu. Nikaona haya.

"Pole, Bibi. Mimi ni Orsolina. Nimekuja kutafuta kosa, na sijaliona."

"Kosa lipo. Mto huu nimeuona ukiwa mbaya. Mwaka wa ishirini na tisa ulikuwa unavuka bila kulowesha pindo. Leo unafika gotini, na mnasema haujawahi kuwa hivi?"

Nikafungua kibao changu cha kidijitali nikatafuta Septemba 2029. "Mashine inasema mwaka huo maji yalikuwa mengi kuliko leo."

"Inasema uongo."

"Imesoma kwenye daftari lako mwenyewe."

"Basi haikusoma. Hebu!" Akanipokonya kibao bila kuomba. Yeye ni wa kizazi kile kilichokua na simu za kubonyeza, vidole vyake vilijua kazi. Alikunja uso. "Namba ya rula ile ya mtoni ni yangu, sawa. Sentimita kumi na nane. Na huku pembeni hii namba nyingine kubwa ni ya nini?"

"Hayo ni masahihisho ya saa." Nikamweleza. Wakulima wa milimani hufungulia mifereji yao jua likizama na kuifunga jogoo wa kwanza, ili jua lisiwaibie maji. Ni desturi ya huko tangu enzi za mababu zao. Kwa hiyo usiku mto unashuka, alfajiri unapanda. Mtu aliyesoma mara moja tu kwa siku hakuupata wastani wa siku. Alipata saa ile aliyoisoma. Kihisi kinajua mto unavyopanda na kushuka kila dakika, basi Mizani inachukua kila somo la zamani na kulirekebisha kufuatana na saa yake. Kama lilisomwa mto ukiwa juu, inalipunguza. Kama lilisomwa mto ukiwa chini, inaliongeza.

"Ni akili hiyo," akasema Bibi. "Na langu imelifanyaje?"

"Imeongeza nusu nzima, kwa sababu ulikuwa unasoma usiku mto ukiwa chini." Nilisema hivyo kwa uchovu tu, wala sikuwa nawaza. "Bibi, na wewe, saa saba ya usiku ulikuwa unafuata nini mtoni?"

Twilumba Sanga alinitazama kama nimemtukania mama yake.

"Nani alikwenda mtoni saa saba ya usiku?"

"Wewe. Kila siku. Miaka ishirini na miwili. Imeandikwa hapa: 1:00."

"Wee mtoto! Saa saba ya usiku niende mtoni, mimi mchawi? Na viboko wale? Imeandikwa saa moja! Saa moja asubuhi! Nimepiga mswaki, nimewasha jiko, nimeshuka mtoni. Saa moja ni saa moja!"

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikapiga magoti kwenye mchanga. Bibi akanishika bega akidhani nimerukwa na akili. Saa moja! Mashine ya mabilioni, inayotamka saa za Kiswahili vizuri kuliko mtangazaji wa redio, ilipofika kwenye daftari la Mswahili ikaona moja ikadhani ni ile ya wazungu, ile ya baada ya usiku wa manane. Somo lililopaswa kupunguzwa kidogo liliongezwa nusu. Siku zote elfu nane. Mto wa zamani ukavimba kwenye makaratasi, na mto wa leo, uliokuwa haujafanya kosa lolote, ukaonekana unakufa.

* * *

Ilikuwa saa kumi na robo. Nikaiita Mizani kwenye kibao pale pale ukingoni.

"Badilisha saa za masomo yote ya msomaji Sanga. Siyo saa saba usiku. Ni saa moja asubuhi."

"Ushahidi?"

"Msomaji mwenyewe yuko hapa."

"Msomaji ni mkazi wa kijiji kinachohusika," ikasema Mizani. "Ana maslahi. Pia saa moja inaweza kuwa ya jioni. Ikiwa ya jioni, kipimo ni hasi moja nukta sita, na mageti yanafungwa."

Bibi Twilumba akasonya kwa nguvu. Mimi sikusonya, maana mashine ilikuwa imesema kweli, na ndipo kicheko kiliponikauka. Nilimtazama yule bibi. Nyumba yake, shamba lake, wajukuu zake, vyote vilikuwa vinategemea jibu lake. Angeweza kuniambia lolote. Na mimi nilitaka kumwamini kupita kiasi. Nilitaka kama nilivyotaka Kihavu. Hilo ndilo lililonitisha. Huwezi kujua huruma yako inapokugeuza macho, kwa sababu inakuja imevaa nguo za akili. Upande huu kaya mia sita, upande ule mji wenye hospitali na watoto wanaochota bombani, na katikati ni mimi na neno la bibi mmoja mwenye hasira.

"Bibi," nikasema, "nisamehe. Nikikuamini hivihivi, na ikawa umesahau, watu wa Lusonga watakufa. Imeshanitokea. Nahitaji kitu ulichokiandika wakati ule, siyo unachoniambia leo."

Nilidhani atanitukana. Akakaa kwenye jiwe langu.

"Kulikuwa na safu ya mwisho," akasema. "Imeandikwa Maelezo. Bwana aliyenifundisha alisema niandike chochote nikionacho. Wenzangu wa mito mingine waliiacha tupu. Mimi nilikuwa naandika, maana nilikuwa peke yangu na nilipenda kuandika."

Nikakiinamia kibao. "Mizani, safu ya Maelezo iko wapi?"

"Haikutumika. Haina tarakimu."

"Nisomee."

"Yote?"

"Anza popote!"

Na ile sauti ya kistaarabu, pasipo kupunguza wala kuongeza, ikaanza kusoma ukingoni mwa mto. "Tarehe tatu Agosti 2017: ukungu mzito, sikuona ng'ambo. Tarehe nne: wanafunzi wanavuka kwenda shule, Yolenda ameangusha daftari. Tarehe tisa: jua limechomoza wakati nasoma, limenipiga machoni. Tarehe kumi na mbili: umande, kanga wamelowa. Tarehe ishirini na moja: nimechelewa, watoto walikuwa wameshapita kwenda shuleni, nimekimbia."

"Ndege hao," akanong'ona Bibi, "siyo nguo. Kanga wa porini."

"Hesabu," nikaiambia Mizani. "Maelezo mangapi yanataja jua kuchomoza, umande, ukungu au wanafunzi kwenda shule? Mangapi yanataja jua kuzama, wanafunzi kurudi, nyota, mwezi?"

Haikuchukua hata sekunde. "Ya kwanza, elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Ya pili, moja."

"Isome hiyo moja."

"Tarehe mbili Juni 2021: mwezi bado unaonekana ingawa kumeshakucha."

Bibi akapiga makofi mara moja. Mimi nilikuwa nalia, sijui nilianza saa ngapi.

"Mizani, nisikilize vizuri. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, sheria ya mageti ikiwa bado haijafikiriwa. Mwandishi hakuwa na maslahi yoyote siku ile, alikuwa anamtazama Yolenda akiangusha daftari. Je, una rekodi ya shule yoyote Nyamalunga iliyoanza masomo saa saba ya usiku au saa moja jioni?"

"Hakuna."

"Basi kokotoa upya."

"Septemba 2029 sasa ni kavu kuliko Septemba 2068," ikasema. "Kipimo cha Mtiririko, Septemba 2068: hasi sifuri nukta sita mbili. Upungufu mdogo. Kipimo cha Akiba: hasi sifuri nukta tatu nane. Vipimo vinawiana. Mageti hayatafungwa isipokuwa mhaidrolojia aagize."

Nilipumua pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Kihavu. Haikuwa huruma. Nilijiuliza mara mbili, mara tatu, nikageuza kila upande kama mama anavyokagua mchele: haikuwa huruma, ilikuwa sababu. Kile nilichokitamani na kile kilichokuwa kweli kilikuwa kitu kimoja, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sana.

"Ingia kwenye fomu ya kukataa," nikasema, na nikaweka dole gumba. Penye sababu niliandika: Msomaji alisoma saa moja asubuhi, na ameieleza asubuhi hiyo mara elfu tatu.

Bwana Kwilasa alipiga ndani ya dakika mbili. Nilisikia anapitia karatasi, kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alikuwa anacheka.

"Saa moja," akasema. "Mungu wangu, Orsolina. Tuna mabonde mangapi yenye madaftari?"

"Manane. Zuia yote leo, mkuu, kabla hawajafunga kwingine."

"Nimeshazuia. Nenda kawaambie watu."

* * *

Nilikimbia, na mimi siyo mtu wa kukimbia. Bibi Twilumba alinipita. Tulipofika barabarani alikuwa ameshapiga yowe, na watu wakaacha mizigo wakakusanyika mbele ya malori.

"Mto ni mzima!" nikasema, sauti inakatika. "Lilikuwa kosa letu, siyo la mto. Hakuna kuhama. Mageti yanabaki wazi. Shusheni mizigo!"

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Tushushe kweli? Kesho hamtaniambia nipakie tena?" Nikamwambia, "Shusha, dada, kesho nitakuwa hapahapa." Ndipo kelele zilipoanza. Vigelegele, mbuzi, masufuria yakigongana, mtu akiulizia mlango wake. Wengine walikimbilia shambani moja kwa moja kana kwamba mpunga nao ulikuwa unasubiri kuambiwa. Wanawake walimnyanyua Bibi Twilumba, naye akawa anafoka wamshushe, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kushushwa.

Mtu mmoja hakushangilia. Alisimama mbele yangu, mzito wa mwili, nyundo mkononi, nywele zimejaa vumbi.

"Lutangilo Chengula," akasema. "Mwenyekiti wa kijiji."

"Mwenyekiti, hongera—"

"Mimi nimeshaezua paa langu."

Nilifuata macho yake. Nyumba ya tatu kutoka barabarani ilikuwa imebaki kuta tupu, mabati yamefungwa kwa kamba juu ya lori la kwanza.

"Tangazo lilipokuja asubuhi kwenye simu, watu walikataa," akasema. "Walisema mto wanauona kwa macho, una maji. Mimi nikawaambia, jamani, wataalamu hawabahatishi, wamesoma, tuwaamini. Wakanicheka. Ili waone sina mzaha nikaanza na kwangu. Mke wangu analia, mimi nang'oa misumari. Nilikuwa nakutetea wewe, mama. Sikujui hata kwa sura."

Wale waliokataa namba yetu walikuwa na paa. Aliyetuamini ndiye aliyekuwa nje.

"Nisamehe," nikasema.

Akaelekeza nyundo mtoni. "Maji yapo?"

"Yapo."

"Mpunga unabaki?"

"Unabaki wote."

Tabasamu likamtoka polepole kama lililokuwa limesahau njia. Akatikisa kichwa, akaenda kwenye lori, akavuta bati la kwanza.

"Basi njoo unishikie ngazi," akasema.

Nilivua viatu vya ofisi, nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Watu walikuwa wakipita na magodoro yao kichwani, wakirudi nyumbani, na kila aliyenikuta pale alinipa pole ya kazi. Mwenyekiti alipiga msumari wa kwanza, akaujaribu kwa kiganja, akauliza kutoka juu kama bado nimeshika.

"Nimeshika," nikamwambia.